Mgeni wa Shingoni

1.
Sogea ndani, usizibe njia. Nyumba ya Mwantumu, hapa Ngamiani, haibishwi hodi. Ukipita barazani tu, umeshashikishwa sahani.

2.
"Tezi ya shingo tumeitoa yote, mama," alisema Daktari Mlelwa. "Lakini saratani yako ni ya aina kali, na vijipande vimebaki. Wapo wanaopona. Wapo ambao inawarudia. Nikikuahidi, nitakuwa…"

"Mwongo. Endelea, mwanangu."

"Kuna dawa ya mionzi, ya madini joto. Vijipande vyako vinayapenda madini joto kama watoto na sukari. Vikiwa na njaa vitaidaka dawa, vife. Vikiwa vimeshiba, vitaiacha ipite."

Akachukua karatasi, akaandika tangazo la kubandika mlangoni.

3.
TANGAZO
*(mlangoni kwa Mwantumu)*

Kwa wiki mbili mgonjwa HARUHUSIWI: chumvi ya dukani, vitu vya baharini, maziwa, kiini cha yai. Vyote vina madini joto. Wageni mzingatie.

*(chini yake, kwa mkaa)*

Hata mchuzi?

4.
Uani:

"Shingo imepasuliwa, halafu ale chapwachapwa? Atapona na nini?"

"Mimi nimemletea supu ya pweza."

"We Mama Hidaya! Si wamekataza vya baharini?"

"Wamekataza samaki. Pweza ana miba?"

"Hana."

"Haya."

"Mimi chumvi nimetia ya kuonjea tu."

Kila mmoja ya kuonjea tu. Nao ni mtaa mzima.

5.
Angefanyaje? Tangu azaliwe, Mwantumu hajawahi kurudisha sufuria ya jirani ikiwa imejaa. Akaonja huku, akaonja kule. Ya Mama Hidaya akaonja mpaka chini, maana huyo ni shoga yake.

6.
MAABARA
Madini joto kwenye mkojo: juu mno.
Dawa: imeahirishwa.
Mgonjwa aanze

upya.

7.
"Mama," alisema daktari, "aina hii haina subira."

Jioni hiyo Mwantumu akauita mtaa uani. Sauti ilikuwa imekwaruzika tangu upasuaji, ikabidi watu wainame kumsikia.

"Jamani. Shingoni nina mgeni. Nimelisha wageni maisha yangu yote, wenye adabu na wezi wa vijiko. Huyu mmoja nataka ashinde njaa. Kila mnachonipa, anakula yeye."



"Kwa hiyo pweza wangu…" Mama Hidaya akashika kiuno. "Kala yeye?"

"Kanenepa, shoga."

Walicheka mpaka wakalia. Wengine walianza na kulia.

8.
Kuanzia hapo Mama Hidaya alikaa mlangoni na mwiko. Sufuria zilirudishwa kwao, umbea uliruhusiwa kupita. Aliyeingia alikula anachokula mwenye nyumba: muhogo, ndimu, chumvi hakuna.

"Mbaya huu!"

"Tafuna. Tunamkomoa mtu."

9.
MAABARA
Safi.

10.
Wodi ya kutengwa, Dar.

HAKUNA WAGENI.

Soma tena, halafu umfikirie Mwantumu: chumba kizima, kitanda kimoja, hakuna wa kumwambia "kula". Kidonge cha mionzi kilikuwa ndani ya kopo zito. Daktari alisimama nyuma ya kioo.

"Picha ndiyo itatuambia kama vimeidaka, mama. Kabla ya hapo sijui."

"Hata mimi." Akaweka simu kwenye spika. "Mpo?"

"Tupo!" Ngamiani nzima, na Mama Hidaya juu yao wote: "Mbona unamchelewesha mwenzio? Mkaribishe!"

Mwantumu akagusa kovu lake, taratibu, kama anayebisha hodi.

"Haya, mgeni. Karibu chakula."

Akameza.