Sungura wa Chupa ya Saba

"Kata hiyo safu ya mwisho kwenye picha, Mama Maombi. Saa kumi tunatuma makala."

"Sikati. Wewe ndiwe uliyemwacha sungura na njaa, kata mwenyewe, Gervas."

Kahindo, fundi wa maabara, mama yake Maombi, alikuwa ameinua filamu ya kipimo kwenye taa. Safu nne, mistari minne myeusi. Safu ya mwisho ilitokana na seli zisizo kabisa na protini wanayoitafuta. Hapo palipaswa kuwa peupe. Juzi alijaribu maji matupu ya bomba. Mstari ukatoka, tena mnene.

Protini yenyewe huonekana kwenye seli zilizokosa chakula, zinapoanza kujila zenyewe ili ziishi. Ili kuitafuta, maabara ile ya Stockholm ilimdunga sungura protini hiyo, ivune kwenye damu yake kingamwili za kuishika. Ikaja sikukuu ya Midsommar, 2007. Profesa alikwenda visiwani. Gervas, mwanafunzi wake wa uzamivu kutoka Bukoba, alitia saini daftari la malisho ya siku nne kwa mkupuo bila kulisha, akapanda treni kwenda harusini. Jumatatu wakamtoa sungura damu hivyo hivyo, wakaijaza kwenye chupa ya saba. Alikufa saa sita mchana.

Jumanne sungura alirudi. Tangu hapo, kila filamu inapooshwa, huja akakaa juu ya mizani, mbavu nje, akitafuna hewa. Mizani husoma sifuri. Profesa alibandika tangazo: mnyama asikalie vifaa. Kahindo alimletea kabichi mara mbili, ikabaki. Yeye aliwahi kutembea siku kumi na tisa msituni kutoka Walikale, Kongo, kwa njaa, mtoto mgongoni. Macho yale aliyajua.

"Mwenye njaa hana miiko," alisema. "Damu hii inashika chochote. Inatafuta chakula, Gervas, haitafuti protini."

"Dada, kibali changu kinaisha Oktoba. Na makala ikitoka, wewe unapata kazi ya kudumu. Hutaki Maombi apate chumba chake hapo Husby?"

"Nataka sana. Usinifundishe shida zangu."

"Basi?"

"Basi nakwenda kwa profesa."

"Profesa ameiona hiyo safu. Amesema ikikatwa, picha itakuwa safi zaidi."

Sungura aligeuza shingo, akamkazia macho Gervas. Gervas akasogeza kikombe chake cha kahawa kisije kikamwagika.

"Maabara nyingine tatu zimeshaiomba hiyo chupa," akaongeza, sauti chini.

"Na mtawapa."

"Tutawapa."

Kahindo aliiweka filamu mezani, akavua glavu, akaketi kwenye kompyuta. Kwenye makala jina lake lilikuwa la pili. Akaweka kishale nyuma ya herufi ya mwisho, akafuta herufi moja moja, mpaka jina la Gervas likakutana na la profesa.

"Haya, tuma," alisema, akainuka kumpisha.

Gervas akakaa, akaikata safu ya mwisho, akatuma.