Mngurumo Sebuleni kwa Kapteni

Nereah hakuwa mwanamke wa kutishwa na redio. Ufundi alifundishwa na marehemu mumewe katika kibanda cha mabati kando ya soko la Busia, upande wa Kenya, na mume alipofariki, wateja waliokuja kutoa pole walirudi wiki iliyofuata na redio zao kwapani. Kilichomtisha mchana ule wa mwaka 1974 ni mahali kazi yenyewe ilipokuwa: Tororo, nyumbani kwa Kapteni.

Aliyemtia katika balaa hilo ni Sulaiti, mfanyabiashara wa Busia ya Uganda, ambaye lori lake la mahindi lilikuwa limezuiliwa siku ya tisa katika kambi ya jeshi ya Kapteni huyo. Sulaiti alikuwa na ulimi usio na breki. Alikwenda kuomba lori, akamkuta Kapteni analalamika kwamba santuri zake zinanguruma, na kabla hajajua anasema nini alikwisha kusema: "Afande, hilo dogo. Iko fundi mmoja Kenya, akiigusa tu inanyamaza."

"Mlete," alisema Kapteni. "Ikinyamaza, lori yako nakwenda. Isiponyamaza..."

Hakuimaliza sentensi. Siku zile sentensi nyingi za Uganda zilikuwa hazimaliziwi.

"Mafundi wangapi wameshajaribu?" Nereah alimwuliza walipokuwa njiani.

"Watatu tu, Mama Osborn."

"Na wako wapi sasa?"

"Kwenu. Wote walivuka mpaka."

"Walifukuzwa?"

"Hapana. Waliondoka kabla ya kuulizwa."

Nereah akamtazama jinsi mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula hati ya shamba.

Nyumba ya Kapteni ilikuwa ya tajiri mmoja wa Kihindi aliyeambiwa afungashe. Vyombo vilibaki, maelezo ya kuvitumia yakaondoka naye. Sebuleni palikuwa na amplifaya, mashine ya santuri, na spika ya besi kubwa kama kabati la nguo. Kapteni aliwasha.

Mmmmmmmm.

Haikuwa sauti ya kelele, ila iliingilia miguuni kabla ya kufika masikioni. Vikombe vikatetemeka mezani.

"Nasikia?" alinong'ona Kapteni. "Majasusi. Wameweka mashine ndani, inasikiliza mimi."

Nereah alitaka kumwambia kwamba mashine ya kusikiliza hainung'uniki, lakini akameza maneno hayo na mate pamoja. Akapiga magoti. Alipunguza sauti, mngurumo ukapungua; akaongeza, ukaongezeka. Basi haukuzaliwa ndani ya spika, ulikuwa unaletwa. Akachomoa waya unaotoka kwenye mashine ya santuri. Kimya. Akaurudisha. Mmmmmmmm.

"Mgeni ndiye anayekuja na ugonjwa," alijisemea.

Nyuma ya mashine ya santuri kulikuwa na waya mwembamba wa kijani. Akaufuata kwa vidole kama anayefuata mstari wa siafu: ukapita nyuma ya kochi, ukatoka dirishani, ukazunguka ukuta, ukaishia kwenye bomba la maji, umefungwa fundo zuri kwa kamba ya buti la jeshi.

Hapo Amoit, mke wa Kapteni, akatokea na sinia la chai. "Ni yeye mwenyewe," alisema bila kufungua midomo. "Ilimpiga shoti kidogo, akafunga hapo. Mimi sijasema kitu."

Nereah akaelewa yote. Amplifaya ilikuwa na njia yake ya kwenda ardhini kupitia plagi ya pini tatu. Kapteni alikuwa ameipa mashine ya santuri njia nyingine, na umeme ukipewa njia mbili huzunguka kama mlevi kati ya vilabu viwili, ukinguruma. Akaufungua waya kwenye bomba, akaurudisha ndani, akaukaza kwa skrubu mgongoni mwa amplifaya, ili vyombo vyote viwili vitumie njia moja.

Kapteni akawasha. Kimya, halafu gitaa, halafu besi laini kama uji. Kapteni alicheka, akacheza hatua mbili, kisha uso wake ukafunga mlango.

"Nani alifunga ile waya kwa bomba?" aliuliza, kana kwamba kamba haikuwa ya buti lake mwenyewe.

Amoit akainamia sinia. Sulaiti akafumbua mdomo. Nereah akamkanyaga mguu.

"Afande, si kosa la mtu," alisema haraka. "Ni kosa la athi." Ndivyo mafundi walivyouita waya wa ardhini. "Athi walikuwa wawili, wakawa wanazungushana."

"Wawili!" alifoka Kapteni. "Oriokot! Andika!"

Sajini Oriokot, mtu mzito mwenye mwandiko mzuri, akafungua daftari. "Athi," alisoma polepole. "Jina la baba?"

Nereah akatambua kosa lao: Athi alikuwa amegeuka jasusi. Lakini kulisahihisha kulikuwa ni kurudi kwenye swali la nani alifunga kamba ya buti. "Simjui babake, afande," alisema.

"Mmoja amekwenda wapi?" akauliza Kapteni.

"Alitoka dirishani!" Sulaiti akadakia, ulimi umeshashika mteremko. "Mrefu, mwembamba! Kijani mwili mzima!"

"Mrefu. Mwembamba. Nguo kijani," aliandika Oriokot.

Lori lilitolewa saa hiyo hiyo. Walipofika kizuizi cha barabarani nje ya mji, taarifa ilikuwa imewatangulia kwa redio ya upepo. Kando ya njia alikuwa ameketishwa vumbini mwalimu mmoja mrefu, mwembamba, mwenye shati la kijani.

"Mimi ni Owor wa Mella," alikuwa akisema. "Simjui huyo Athi."

"Wote nasema hivyo," akajibu koplo.

Sulaiti akatazama mbele. "Mama Osborn, tupite. Mpaka uko pale."

Nereah alitamani sana kupita. Akilini alikiona kibanda chake, na mwanawe Osborn akirudi kutoka shule. Kisha akaona kola ya mwalimu imelowa jasho, akafungua mlango na kushuka.

"Afande, mwachilieni. Athi ameshakwisha."

"Kwisha namna gani?"

"Umeme. Leo mchana. Nilikuwepo. Yuko ardhini sasa."

"Amezikwa?"

"Chini kabisa."

Koplo akakuna shingo. Jua lilikuwa kali, na kumtafuta mtu aliyekwisha kuzikwa ni kazi rahisi kuliko zote. Akazungusha redio ya upepo. Upande wa pili ikasikika sauti ya Oriokot, na kalamu yake pia, na furaha ya mtu anayefunga faili siku ile ile aliyoifungua. "Kesi kwisha," ilisema redio.

Mwalimu Owor alipandishwa ndani ya lori katikati yao kabla hajamaliza kushukuru. Lori lilikwenda maili nzima.

"Mama," mwalimu aliuliza hatimaye, "huyo marehemu Athi alikuwa nani?"

Nereah akamweleza: spika, bomba, kamba ya buti. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini mimi nafundisha sayansi! Huyo Athi namchora ubaoni kila muhula," akaanza kucheka. Alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye paa la lori, akashika magoti yake kwa mikono miwili.