Kipande cha Ulimi

Daktari Marcelline alikuwa amelikamata gego la mama mmoja wa Munigi kwa koleo, goti limeegemea kiti, simu ilipotetemeka mfukoni. Aliiacha itetemeke. Jino likatoka na mizizi yake yote, mama akatema damu kwenye ndoo, akauma pamba, akaenda zake. Hivyo ndivyo Marcelline alivyoipenda kazi: unaona, unang'oa, kwisha.

Ujumbe ulitoka maabara ya Bukavu, ng'ambo ya ziwa. "Kipande kimefika kikavu, kimejaa chumvi. Hakisomeki. Tuma kingine ndani ya formol."

Aliusoma mara mbili; yeye alikuwa amekituma ndani ya formol hiyohiyo, dawa ya maji inayozuia nyama isioze. Nje, kwenye benchi, Papa Munguakonkwa alikuwa amekaa tangu saa moja na nusu, koti la kahawia, kofia mapajani, akisubiri habari hiyohiyo.

Alikuwa mwalimu wa darasa la sita huko Keshero. Miezi miwili iliyopita alikuja na baka jeupe pembeni mwa ulimi. Halimuumi, alisema, ila watoto wanamcheka akisoma imla. Marcelline alilisugua kwa shashi. Utando wa fangasi hufutika ukiusugua. Baka hili halikufutika. Palikuwa na jino lililovunjika likikwaruza hapo, akalisawazisha, akampa wiki mbili lipone, kama alivyofundishwa. Wiki mbili zikaisha, na baka likawa na kingo ngumu na wekundu katikati. Hapo macho hayatoshi. Inabidi ukate kipande, mwingine akitazame kwa darubini, aseme jina.

Mwingine huyo alikuwapo zamani mjini. Alivuka mpaka vita vilipoingia, hakurudi. Uwanja wa ndege umefungwa. Kigali wanasoma vipande, kwa bei asiyoiweza mwalimu. Ilibaki meli ya Bukavu, na mwalimu mwenyewe hangeweza kuipanda, maana kadi yake ya utambulisho ilipotea siku ya kukimbia na bila kadi hupiti bandarini. Basi wakafanya kama mji mzima unavyofanya: unampa mtu anayesafiri. Kipande, kikubwa kama punje ya haragwe, alikabidhiwa Nabintu, shemeji yake mwalimu, muuza samaki wadogo wa ziwani, sambaza.

Marcelline alimpigia.

"Mama Nabintu, ile chupa nilikupa, maji yake ilienda wapi?"

"Docteur, pale ku port mutu wa service, ule wa kukagua mizigo, aliifungua, akanusa, macho ikamuchoma. Akasema ni produit chimique, dawa ya sumu, autorisation ya kuipitisha iko wapi? Nikamuonyesha barua yako. Akasema haina muhuri yao. Nililia mbele yake, docteur! Akasema nyama inaweza kwenda, ile maji inabaki."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikaiweka chumvi. Ile muzuri ya sambaza, nikaifunga na kitambaa safi. Haikuoza hata kidogo, ama?"

Alisema kwa fahari. Miaka ishirini anafikisha samaki kwa chumvi, na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Ungemgombeza kwa lipi? Marcelline alimshukuru, akakata simu, akataka kulia.

Aliandika barua mpya, akavua koti jeupe, akamwomba mwalimu amngoje kidogo. Kidogo hicho kilikula saa nne.

Watu wa hygiène, ofisi ya afya na usafi, walimtuma ofisi ya bandari, na huko walimzungusha mpaka akachoka. Dirisha la kwanza likamtuma la tatu, la tatu likamtuma kwa mkuu. Mkuu alikuwa na kalamu tatu mfukoni na muhuri mezani, karibu na kikombe cha chai. Aliisoma barua bila haraka.

"Nyama ya mutu?"

"Kipande kidogo, chef. Ya ulimi. Tukichelewa kuisoma, ule mutu atakufa."

"Hii si ya kwetu, docteur. Ni ya hygiène."

"Hygiène njo wamenituma hapa."

"Basi lete nakala tatu." Akaisukuma barua pembeni. Kisha akainama mbele, akashusha sauti. "Kumbe uko docteur ya meno? Niangalie kidogo. Hapa ndani inaniwaka sana." Akauvuta mdomo wa chini kwa vidole viwili.

Marcelline aliwasha tochi ya simu. Kidonda kidogo cha mviringo, katikati manjano, kimezungukwa na wekundu. Hakuhitaji hata nusu dakika.

"Si kitu. Sukutua na maji ya chumvi. Wiki moja kitapona."

"Si kansa?"

"Si kansa."

Mkuu alicheka, akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. "Umenisaidia! Siku tatu sikulala. Rudi lundi ya wiki ijayo na zile nakala." Muhuri haukuinuliwa. Marcelline alitoka na hasira, na kilichomkera zaidi ni kwamba alikuwa amemtoa yule bwana hofu yake yote, tena bure.

Mwalimu alikuwa bado kwenye benchi. Marcelline alimkalisha kitini, akaupima ulimi kwa rula: milimita kumi na nane. Mwezi uliopita zilikuwa kumi na moja. Chini ya taya vidole vyake vikakuta tezi ngumu ambayo haikuwapo. Kisha akamweleza yote, chumvi na muhuri, na kwamba hata kwa nakala tatu hakuna aliyeuahidi.

"Kwa hiyo jina haipo," mwalimu alisema.

"Haipo, papa. Na mupasuaji wa Bukavu hapokei mutu bila karatasi ya maabara."

"Lakini wewe, docteur. Kwa macho yako unaona nini?"

Alifundishwa asilitamke neno hilo kabla ya darubini. Miaka kumi na mmoja ya kazi, hajalitamka hata mara moja. Alivua glavu kwanza.

"Naona kansa, papa."

Mikono ya mwalimu ilishika kingo za kiti, ikaachia.

"Aksanti ya kuniambia," alisema. "Sasa uniandikie. Hata kama hawataikubali."

Akaandika. Kwenye mstari wa diagnostic, wa jina la ugonjwa, ambao kwa miezi miwili ulikuwa mtupu, akaliandika lile neno kwa herufi kubwa, akatia saini, akapiga muhuri wa kliniki, ule mdogo wenye picha ya jino. Mwalimu aliisoma karatasi kutoka juu mpaka chini, akaikunja mara nne.

"Hii, naipeleka wapi?"

Marcelline alifikiri kweli, alitafuta kichwani ofisi moja, mtu mmoja. Hakupata. Alimfungulia mlango.