Tramu ya Kumzika Fausto

Tramu ya tatu ilipita bila hata kupunguza mwendo. Bi Leocádia akasonya, tena msonyo mrefu, mpaka mwuza magazeti wa kule ng'ambo ya barabara akainua kichwa.

Alikuwa amesimama kituo cha mtaa wake, Graça, tangu asubuhi, gauni jeusi, viatu vyeusi, mwavuli mkononi ingawa jua lilikuwa linawaka. Ndani ya tramu watalii walikuwa wamejazana hadi mlangoni, na mmoja wao, mwanamume wa kaptula mwenye miguu iliyoiva kwa jua, akatoa mkono dirishani akampiga picha. Bila shaka angekwenda kuwaonyesha wenzake kwao: tazameni, bibi kizee wa Lisboa anangoja tramu. Asingewaambia kwamba bibi anangoja kwa sababu yeye mtalii amekalia nafasi yake.

"Wangekuwa wanakwenda mahali, ningenyamaza," Bi Leocádia alimwambia mwuza magazeti. "Lakini hawaendi popote! Wanapanda mwanzo wa njia, wanafika mwisho, wanapanda tena wanarudi. Mtu mzima na ndevu zake anapanda tramu asiende popote!"

"Chukua teksi, bibi."

"Na wewe umeanza? Binti wa dada yangu kanipigia simu kunihubiria teksi hiyo hiyo. Fausto aliniacha kwa tramu, nitamzika kwa tramu."

Mwuza magazeti akarudia magazeti yake. Graça nzima ilikijua kisa hicho. Fausto alikuwa mumewe, dereva wa tramu namba ishirini na nane, mwanamume wa masharubu yaliyochanwa na kofia iliyokaa upande. Kila asubuhi pale kituo cha Estrela alipanda mwanamke mmoja aitwaye Idalina, akasimama karibu na breki, akacheka kila Fausto alipofungua mdomo. Bi Leocádia aliambiwa na mwuza samaki, tena mbele ya wateja. Haukupita muda Fausto akahamia Estrela na nguo zake, na saa ya ukutani ambayo haikuwa yake. Ilikuwa imepita miaka mingi, na katika miaka hiyo yote Bi Leocádia hakumsemesha, wala hakumsema vibaya, isipokuwa kwa mtu aliyemuuliza, au aliyekaa karibu.

Sasa Fausto amekufa. Anazikwa leo katika makaburi ya Prazeres, pale tramu inapoishia. Prazeres maana yake starehe, na Bi Leocádia aliona hapakuwa na mahali palipomfaa zaidi mtu yule. Hakuwa anakwenda kulia. Alikuwa anakwenda kuhakikisha.

Tramu ya nne ilipotokeza kwenye kona, alishuka barabarani akasimama katikati ya reli, mwavuli mbele kama mkuki. Breki zililia. Dereva, msichana mmoja aitwaye Sónia, akatoa kichwa.

"Bibi, utakufa!"

"Kufa kuna zamu, na leo si yangu. Fungua."

"Hakuna nafasi, bibi yangu. Tazama mwenyewe."

"Naona. Naona mapaja, naona kofia za nyasi, naona begi limekalia kiti cha wazee. Lile begi lina mimba? Fungua, mwanangu, nina msiba."

Sónia akafungua. Bi Leocádia akaingia kwa kiwiko, akaliondoa begi, akampakatisha mwenyewe, kisha akaketi. Mwenye begi akatabasamu na kusema jambo kwa lugha yake. Bi Leocádia alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye ndara, akageuza uso.

Tramu ikaanza kuteremka, ikijipinda katika vichochoro vya Alfama, karibu kabisa na nguo zilizoanikwa, na kila ilipojipinda watalii walipiga ukelele wa furaha. "Kama watoto wanaoogeshwa," Bi Leocádia alinung'unika. Ndipo alipomwona Adérito. Adérito alikuwa kibaka, mwana wa jirani yake wa zamani, mtu wa makamo anayevaa vizuri, koti limekunjwa juu ya mkono hata katika joto. Ule mkono wa chini ya koti ulikuwa umekwisha kuanza safari kuelekea mkoba wa mama mmoja aliyekuwa akishangaa kanisa.

"Adérito! Si leo. Naenda mazikoni."

Mkono ukarudi nyumbani. "Shikamoo, bibi. Pole. Nani tena?"

"Fausto."

"Fausto wa breki?" Adérito akavua kofia. "Masikini! Alinitupa nje ya tramu hii mara ngapi, na hata siku moja hakuniitia polisi. Muungwana yule."

"Muungwana! Mwizi humtambua mwizi."

"Basi nami nakuja kumzika," akasema Adérito, akajipenyeza akasimama kando yake, mikono yake miwili hadharani juu ya bomba la kushikia, kama mtu aliyetubu.

Wakapita katikati ya mji, wakapanda kilima kingine, wakapita São Bento, wakafika Estrela mbele ya kanisa kubwa. Bi Leocádia hakutazama nje. Hapo ndipo alipokuwa akipanda yule mwanamke. Lakini tramu ilipoondoka tena, alisikia Adérito akisema polepole, "Bibi, nyuma yetu."

Gari la maiti lilikuwa limetoka kanisani, jeusi, limeng'arishwa, shada la maua juu yake, nalo likaingia barabarani nyuma ya tramu. Fausto alikuwa anamfuata.

"Hata leo kachelewa," akasema Bi Leocádia. Sauti yake haikuwa na nguvu alizozitaka.

Hawakufika mbali. Barabara ilipobana, tramu ikasimama ghafla. Gari dogo jekundu lilikuwa limeegeshwa, nusu juu ya ukingo wa njia ya miguu, nusu juu ya reli, bila mtu ndani. Sónia akapiga kengele. Akapiga tena. Nyuma, gari la maiti likasimama, na nyuma yake magari ya wafiwa, na nyuma ya hayo nusu ya jiji, honi zikaanza. Watalii wakatoa simu wakapiga picha za kila kitu, pamoja na jeneza.

Bi Leocádia akashuka. Aliposhuka yeye, mlango wa gari la wafiwa nao ukafunguka, akatoka kikongwe mmoja mnene mwenye fimbo na mguu mbovu, kitambaa cheusi kichwani. Wakatazamana katikati ya barabara, ubavuni mwa jeneza.

"Leocádia," akasema Idalina. "Nilijua utakuja."

"Sikuja kwa ajili yako."

"Wala kwa ajili yake, najua. Umekuja kuona kifuniko kikifungwa."

"Kimefungwa?"

"Kwa misumari."

Bi Leocádia alikuwa amelibeba tusi moja miaka yote hiyo, amelinoa vizuri, akingoja siku atakayokutana na mwanamke huyu. Sasa aliangalia ule mguu uliovimba, soksi iliyoteleza, akaona tusi lenyewe ni la kumtupia mwanamke mwingine, yule aliyecheka karibu na breki, na huyo hayupo tena. Hilo nalo likamkasirisha.

"Mke mwenzangu," akasema kwa kejeli, "mumeo anapigwa jua. Unakusudia kusimama hapo tu?"

"Nifanye nini, nilibebe gari?"

"Wewe hapana. Hawa ndio." Akageuka, akagonga ubavu wa tramu kwa mwavuli. "Nyie! Wenye kaptula! Shukeni! Adérito, washushe!"

Hawakuelewa neno hata moja, lakini ule mwavuli ulieleweka. Walishuka wanaume saba au wanane, na yule mwanamke wa begi, ambaye kumbe alikuwa na mabega kuwashinda wote. Adérito akawapanga kuzunguka gari. Bi Leocádia akahesabu kwa vidole, na kwenye kidole cha tatu gari likainuka kama meza, likabebwa kando, likatuliwa kwenye njia ya miguu kati ya ukuta na nguzo mbili za chuma. Lilikaa pale sawasawa. Hakuna dereva duniani angelitoa bila kulibeba tena.

Ndipo mwenye gari alipotoka duka la mikate, kijana wa suti, kifurushi cha keki mkononi, unga wa sukari mdomoni.

"Jamani! Gari langu! Nimesimama dakika moja tu!"

"Dakika moja," akasema Bi Leocádia. "Unamwona yule kwenye sanduku? Hajawahi kuwa na haraka maisha yake yote, na leo umemchosha hata yeye."

"Sasa nitalitoaje?"

"Kula keki upate nguvu," akasema Idalina.

Watalii wakapiga makofi, ingawa hawakujua wanashangilia nini. Bi Leocádia akawaamuru warudi ndani, wakarudi kama watoto wa shule.

Makaburini hapakuwa na mambo mengi. Padri alisoma kwa haraka, akiangalia saa. Fausto aliingizwa katika kijumba cha mawe cha kuzikia cha ukoo wa Idalina, chenye mlango wa kioo na pazia la lesi, akawekwa rafu ya chini.

"Hakujenga hata banda la kuku," akasema Bi Leocádia, "na leo kapewa nyumba yenye pazia."

Lakini mlango ulipofungwa hakuondoka. Alikumbuka, bila kupenda, jinsi mtu yule alivyokuwa akigonga kengele mara mbili kila alipopita chini ya dirisha lao. Mjinga. Kuamsha watu bure.

Idalina alikuwa amesogea karibu, anaegemea fimbo. "Nikuambie kitu? Baada yangu alikuwepo mwingine. Wa São Bento. Niligundua karibuni, alipokuwa hospitali."

"Uongo."

"Yule pale, mwenye kofia ya kijani. Amejificha nyuma ya msalaba kama hatumwoni."

Bi Leocádia akatazama. Kweli, alikuwepo mwanamke mmoja mwembamba, analia ndani ya glavu zake, hakuna aliyesimama naye. Bi Leocádia akaanza kutikisika mabega. Padri alidhani analia, akamshika mkono kumfariji. Alikuwa anacheka, na Idalina naye akashikwa, wakashikana wasianguke.

"Mwanaharamu," akasema Bi Leocádia alipopata pumzi. "Kila kituo!"

Nje ya lango, foleni ya watalii ilikuwa imekwisha kujipanga upya, ndefu, kurudi walikotoka. Tramu ya Sónia ilikuwa inangoja. Adérito alikuwa mbele kabisa, amewashikia mlango.

"Mguu wako hautaweza kuteremka," Bi Leocádia alimwambia Idalina. "Na yule wa kofia hana hata nguvu za kusukuma mtu. Mwite."

"Nimwite mimi?"

"Basi nitamwita mwenyewe. We mama! We wa São Bento! Acha kulia, njoo tupande, hawa watu hawana adabu!"

Akainua mwavuli, akaanza kupasua foleni.