Siku Randa Ilipolala

Vumbi la mbao lilikuwa mgeni wetu wa kila jioni, Baba Kisilu. Uliingia nalo begani, kwenye nyusi, ndani ya mikunjo ya suruali, na jua la jioni likipenya tundu la msumari kwenye mabati lilikuta vumbi hilo likielea, likicheza, likitafuta pa kutua. Lilitua kwenye chai. Lilitua kwenye ugali. Nami nikipiga kelele: "Jikung'ute huko nje, mume wangu, mimi si mchwa!"

Halafu banda lako la kazi kule Kangemi likaungua. Moto haukusema ulikotoka. Ulikuja mchana, watu wamekwenda kula, nao ukala. Mipini ikawa majivu. Vyuma vilibaki, ukaviokota, ukavigonga kimoja kimoja, ukasikiliza, ukavitupa. Chuma kilichopikwa na moto mkubwa hulegea. Ukikinoa asubuhi, mchana makali yamelala. Ukarudi kwetu Waithaka mikono mitupu, ukaketi kizingitini.

Na nyumba yangu ikawa safi.

Safi kabisa! Meza safi, chai safi, mwanga unapita kwenye tundu lake na haukuti kitu cha kuchezea. Nyumba ya seremala ikiwa safi, ujue kuna msiba.

Watu walikuja kuagiza vitanda, ukawaambia, "Sina mikono." Hukusema huna vyombo vya kazi. Ulisema huna mikono, nami nilikuwa jikoni, nikasikia, mwiko ukanitulia sufuriani. Ukaanza kuzungumzia kurudi kwenu Mwala kuchunga mbuzi. Mbuzi! Nilijua ni mbuzi watakaokuchunga wewe, mpaka siku utakapolala chini ya mti usiinuke. Nilimjua mwanamume niliyeolewa naye. Huyo mkono ukifa, mwili unaufuata nyuma kama ndama.

Basi nikatembea, Baba Kisilu. Nikatembea.

Miaka ile ya themanini watu walikuwa wakihama Nairobi kama ndege. Wazungu wa mikataba wakirudi kwao, Wahindi wakiwafuata watoto Uingereza na Kanada, watu wa serikali wakipewa uhamisho wa ghafla. Na anayehama hawezi kubeba nyumba nzima. Hutoa vitu nje, akavipanga kwenye nyasi na kwenye gereji, akauza kwa bei ya kuviondoa machoni.

Wengine walingoja tangazo. Mimi nilikuwa nimelea watoto wa watu Kitisuru miaka mingi, najua nyumba inavyosema. Anayehama hujulikana kwa mapazia. Yakiteremshwa Jumatano na hayaoshwi, Jumamosi utakuta kipande cha kadibodi langoni. Na darasa langu la nne lilinitosha sana kusoma kadibodi.

Kitisuru nilipata tupa ya kunolea meno ya msumeno, imezama ndani ya ndoo ya misumari iliyopinda, imevaa kutu kama blanketi. Mountain View nilipata nyundo ya bwana mmoja wa wizara. Alikuwa akipigia misumari ya picha tu, maskini ya nyundo, haijawahi kufanya kazi ya kiume. Nilikuwa na ujanja wangu. Nasifu sufuria, nauliza bei ya kitanda cha mtoto, naguna, nageuka kwenda zangu, halafu nikifika langoni nasema, kama mtu aliyekumbuka takataka, "Na hicho kichuma, nikuondolee?"

Hapa kwetu Waithaka, Nyakio wa duka la mafuta ya taa aliuza msumeno wa marehemu babake. Niliuinua, nikaangalia mgongo wake kama unavyoangalia njia ndefu, kama una kona. "Cucu, unaununua ama unaupiga picha?" akaniuliza, kana kwamba mimi ni nyanya yake. Nikamwambia, "Naangalia kama babako alikuwa mtu mnyoofu." Akacheka hadi akapunguza bei.

Kitendawili! Sema, tega.

Nina mnyama, hula kwa tumbo, hutapika kwa mgongo.

Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Machakos? Haya, nimekwenda Machakos, nimekula muthokoi, nimelala, wenyeji wamenisindikiza, nimerudi. Ni randa. Tumbo lake linanyoa ubao, na unyoya wa mbao unatokea mgongoni umejikunja. Seremala bila randa ni samaki asiye na maji. Na randa, Baba Kisilu, sikuipata. Nilitembea mpaka viatu vikaanza kunong'ona, sikuipata.

Kila nilicholeta ulikipokea, ukakigeuza, ukakisukuma chini ya kitanda. Siku ya msumeno ndipo uliposema, bila hasira, "Mama Kisilu, unaniletea yatima." Kweli, walikuwa yatima. Kila kimoja kutoka nyumba yake, mpini wa huyu haumjui mpini wa yule.

Ni Shiraz aliyeniambia juu ya jamaa nzima ya vyombo. Shiraz unamkumbuka, yule mwenye kibanda cha vyuma Kirinyaga Road, tumbo mbele, kalamu sikioni. Tulikutana katika kila nyumba inayouza. Mimi nakuja na kiondo, yeye na pikapu, na huniita shosho, yaani nyanya.

"Shosho, sasa? Leo unanunua nini, treni?"

"Nakununua wewe, nikikupata kwa bei nzuri."

Akaniambia kwamba mzee Balwant, fundi mbao wa Westlands, alifariki kabla ya mvua, na mjane wake Harbans anamfuata binti yake Ramila huko Leicester, Uingereza. Jumamosi anauza vyombo vyote vya kazi. "Randa, shosho, za kila saizi. Patasi kama familia. Njoo uangalie nikizipakia."

Nikajifanya sijali. Moyoni nikasema: Jumamosi ni yako, Ijumaa ni yangu.

Ijumaa nikafika Westlands umande haujakauka. Jana yake Wahindi walikuwa wamesherehekea Diwali, sikukuu yao ya taa, na vitaa vya udongo vilikuwa bado vimepangwa ukutani, utambi mweusi. Lango wazi. Na pale barazani, juu ya shuka jeupe, vyombo vililala. Ee Mungu wangu, vililala! Vimeoshwa, vimepakwa mafuta, vimefungwa uzi mwekundu mipinini, maua ya njano yametawanywa juu yake. Patasi kwa ukubwa wao, kama watoto wanaopigwa picha. Keekee ya kutobolea. Timazi ya kupimia wima. Na randa, ndefu na fupi, mbao zake zimeiva rangi ya chai kwa jasho la kiganja kimoja.

Nikafikiri: kumbe wenye pesa huuza hivi! Wanapamba kwanza, kama bibi harusi.

Sikubisha hodi. Niliinua randa ndefu, nikasogeza uzi ili nione makali. Pembeni palikuwa na kipande cha mvule kimeegemezwa ukuta. Nikakilaza, nikasukuma, vile ulivyonifundisha tulipokuwa vijana, uzito kwenye nyonga na siyo kwenye mkono.

Shaaaa.

Unyoya mmoja, mrefu, mwembamba hata mwanga ukapita ndani yake. Haukukatika.

"Wewe! Weka chini! Leo hapana gusa!"

Alisimama mlangoni, mama mrefu wa mvi, shali nyeupe kichwani, unga wa chapati hadi viwikoni. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye ule unyoya sakafuni.

"Leo ni siku ya Vishvakarma, mungu mwenye kazi yote ya mkono," akasema, sauti inapanda na kushuka. "Siku moja katika mwaka chombo nalala. Naosha yeye, napa yeye maua, nasema asante. Hapana piga kazi. Wewe iko amsha yeye!"

Dunia ingepasuka ningeingia. Niliweka randa chini, nikarudisha uzi, nikarudisha ua. Nilisema samahani mama, samahani, mimi nilidhani ni mnada. Na nilipokuwa nikisema, nilikuona wewe kizingitini, na mbuzi wa Mwala wanakungoja, na mimi mwenyewe ndiye niliyefunga lango.

Yeye akainama. Akauokota ule unyoya kwa vidole vya unga. Akaunusa. Akauweka shavuni.

Kuna mahali mtu hapaswi kuingia na maneno.

"Tangu yeye kufa," akasema mwisho, "nyumba hapana sema hii sauti. Nani fundisha wewe?"

Nikamwambia. Nikamwambia banda, moto, chuma kilicholegea, kizingiti. Nikamwambia nyumba yangu ni safi. Hapo akaniangalia vizuri, mara ya kwanza, mke wa fundi akimwangalia mke wa fundi. Akakizungusha kichwa polepole kuelekea sebuleni kwake, sakafu inang'aa kama sahani, akasema, "Yangu pia. Safi, safi. Kila siku mimi nagombana na yeye kwa sababu ya vumbi. Sasa nagombana na nani?"

Kisha akajifuta uso kwa mkono wa unga, akawa mweupe shavu moja, akakaza sauti. "Leo chombo hapana toka. Kesho. Na wewe mama, hapana. Yeye mwenyewe kuja. Mimi nataka ona mkono."

Jioni hiyo ulikataa, Baba Kisilu. Ulisema, "Sitakwenda kupimwa kama ng'ombe wa soko." Nikakwambia ng'ombe wa soko angalau husimama mwenyewe. Hukucheka. Nikaacha kukusukuma. Nikakusimulia tu siku yangu, nikichambua maharagwe, maua, uzi, aibu yangu, na ule unyoya ulivyotoka mzima.

Ndipo ukauliza, ukiangalia milima ya Ngong, "Ulikuwa mti gani?"

"Mvule."

"Mvule, na haukukatika?"

"Haukukatika."

"Kwa mkono wako wewe?"

"Kwa huu huu."

Asubuhi nilikukuta umenyoa ndevu.

Mvua ilikuwa imenyesha na Westlands nzima ilinuka majani. Shiraz alishafika, pikapu kinyumenyume langoni, noti mfukoni. "Aa, shosho umeleta jeshi! Mzee Mwololo, pole na moto. Lakini mmechelewa, mimi nachukua jumla."

Mama Harbans alionyesha kwa kidevu mlango wa jikoni, mzito, wa mninga. "Hii alitengeneza yeye. Mvua ikija, navimba. Kila mwaka alinyoa kidogo. Mwaka hii hakuna mtu. Nakwama. Nani nataka chombo, afungue."

Shiraz akacheka, akainua mikono. "Mama, mimi nauza vyombo, sivitumii! Mimi hata penseli mtu ananichongea."

Basi ukabaki wewe.

Uliung'oa mlango kwenye bawaba zake, ukaulaza juu ya viti viwili, ukapitisha kiganja ubavuni mwake kama mtu anayetafuta homa. Ukachukua randa ndefu. Ukasukuma, nayo ikaruka, ikang'ata, ikaacha kovu kwenye kazi ya marehemu. Shiraz akakohoa. Mama Harbans akafumba macho. Mimi nilishika kiondo changu kama kamba ya kisima.

Ungeweza kuiweka chini. Nilikuona ukifikiria kuiweka chini.

Ulisimama. Ukaigeuza randa tumbo juu, ukachungulia makali, ukaligonga jino lake kidogo sana, ukaiweka sikioni. Kila fundi huacha randa imeelekea mkono wake, nawe ulikuwa ukimwuliza Balwant anasimama vipi. Akakujibu, nafikiri, maana ulisogeza mguu wa kushoto nyuma, mahali ambapo hujawahi kuuweka, ukasukuma tena.

Shaaaa.

Na tena. Na tena. Lile kovu likapungua, likawa kivuli, likaisha. Unyoya wa mninga ukakujaa miguuni kama kuku mwekundu anayebadili manyoya. Uliposimamisha mlango mahali pake, mama Harbans alikuja akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunga bila kunong'ona. Akaufungua. Akaufunga. Akaufungua.

"Chukua," akasema. "Zote. Bei ni ile mke yako anaweza. Lakini mwaka kesho, siku moja, acha zilale."

Shiraz akachomoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Nimeshindwa na mlango," akasema. "Haya shosho, angalau pikapu yangu isirudi tupu. Nitawapelekea hadi Waithaka. Na chai mnapika."

Mama Harbans alikwenda kuleta ufagio, desturi ya mikono ya mwanamke. Akaushika, akainama, kisha akasimama hivyo hivyo. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, limeingia kwa mlango wa jikoni uliofunguka wote, na ndani yake vumbi la mninga lilining'inia jekundu, laini, halina haraka. Likatua kwenye shali yake nyeupe. Likatua kwenye unga wa chapati. Nilinyoosha mkono nimsaidie ufagio, akatikisa kichwa.

"Wacha," akasema. "Wacha ikae."

Tukasimama pale, wake wawili wa mafundi, tukiliacha litutulie nyusini. Sikukuona ulipokwenda. Nilisikia sauti yako tu kutoka chumba cha mbele, sauti ya mtu mwenye shughuli, kali kidogo, isiyotaka kucheleweshwa:

"Mama! Na hili dirisha je, nalo linakwama?"