Nyongeza za Mzee Kiyoharu

Tangu yeye na baba yake wapange foleni mlangoni mwa duka la rameni, zile tambi za supu, Chinatsu alikuwa na neno moja limemkaa kooni, na neno lenyewe lilikuwa Sapporo. Hospitali ya huko ilimtaka awe muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, na jibu walilitaka leo hii. Sasa, kutoka Fukuoka mpaka Sapporo ni kuikata Japani yote, kusini hadi kaskazini, na baba yake, Mzee Kiyoharu, fundi paa mstaafu, hakuwa na mtu mwingine nyumbani. Baba akikataa, haendi. Alishaamua hivyo, na uamuzi wenyewe ulikuwa unamuuma.

"Baba, nina jambo."

"Kula kwanza. Tambi zinalainika."

Hapo huna la kubisha. Tambi za Fukuoka ni nyembamba, ukianza kupiga soga tu zinavimba, na mtu anayeacha rameni yake ivimbe mbele ya mpishi bora angekula kwake. Basi wakainama bega kwa bega kwenye kaunta, wakazivuta kwa mlio kama wenzao. Supu ya mifupa ya nguruwe ilikuwa nzito, nyeupe kama tui.

Chinatsu akameza, akafuta mdomo. "Baba, lile jambo…"

"Mama Hatsue, nyongeza! Zisiive sana, ngumu ngumu."

Mama Hatsue, mwenye duka na mwenye ulimi, akadumbukiza tambi kwenye maji yanayochemka, akaziopoa hata hujakohoa, akazimwaga kwenye supu iliyobaki ya mzee. Ndivyo ilivyo hapo: tambi zikikuishia unaongezewa tambi tupu, supu ni ile ile yako. Kwa hiyo ikawa kula kwanza, tena.

Zikaisha, akaagiza nyingine. Jamani, mtu mwenyewe nyumbani kibakuli kimoja cha wali kinamshinda! Alipoagiza nyingine tena, Mama Hatsue akamtazama tumbo.

"Mzee Kiyoharu, una mimba?"

"Ya mapacha," mzee akajibu, uso mkavu.

Kaunta nzima ikacheka. Chinatsu hakucheka, hasira zilishampanda. Anahangaika kutafuta pa kuanzia, na huyu anafakamia tu. Akamgeukia amwambie palepale, liwalo na liwe, ndipo akamwona vizuri. Mzee alikuwa ameshalegeza mkanda, jasho linamtiririka, anatafuna kama mtu aliyelazimishwa dawa. Hapo Chinatsu akaelewa. Baba anajua.

"Nyongeza," mzee akasema tena, sauti imepungua.

Mama Hatsue akachungulia bakuli. "Nikuwekee wapi? Supu huna."

Mzee naye akachungulia. Kweli, hakuna kitu. Akaweka vijiti vya kulia chini.

"Umejua lini?" Chinatsu akauliza taratibu.

"Unaongea kwa simu bafuni, unadhani ukuta wa nyumba yetu ni wa mawe?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ukishasema wewe, itabidi nikubali. Nikatae niwe baba wa namna gani?" Akajifuta jasho kwa kiganja. "Nikaona bora nile kwanza."

Machozi yakamlenga Chinatsu. Akalivuta bakuli lake, ambalo supu yake ilikuwa bado nusu, akaimimina yote kwenye bakuli la baba yake.

"Mama Hatsue, mwongeze tafadhali."

"Utaenda, mwanangu," mzee akasema, macho kwenye sufuria. "Ila uniambie nikimaliza hizi."

"Haya, Baba."

Tambi zikaja. Mzee akazila polepole, uzi mmoja mmoja, na watu wa foleni wakawa wanamkodolea macho. Mama Hatsue, ambaye huwa hamwonei mtu haya, akawageuzia wote mgongo akaanza kusugua sufuria iliyokwisha kung'aa.