Kikapu cha Jovina Hakitoki

Kikapu kile mke wangu Jovina alikisuka tukiwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kwa nyuzi za gunia la mahindi ya msaada. Ukikigeuza utaona herufi nyekundu za gunia kitakoni. Alisema Emiliana wetu akiolewa, zawadi za kuwapa wakwe ziwekwe humo. Tukarudi kwetu Muyinga, Jovina akafa. Wakubwa wa mtaa wakaja kukiazima kwa siku moja tu, wafungulie makumbusho yao ya chumba kimoja. Nilipokifuata nikakuta karatasi: "Cha zama za wafalme. Namba 17."

Harusi ya Emiliana ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata. Nikamwendea mwenyekiti wao, Amissi muuza vitenge.

"Mzee Fabiano, hii kitu haiko yako tena," akasema. "Sasa iko ya komite. We ingia komite, tutasikilizana."

Nikaingia. Wakanipeleka mjini Gitega siku mbili, kwenye mafunzo ya utawala bora wa makumbusho madogo. Mimi wa darasa la tatu! Mwalimu alisema kitu hakitoki bila kura ya watu watano, na mwenye masilahi atoke nje wakati wa kura. Klara wa Gishubi akanyoosha mkono: "Sisi makumbusho yetu haina hata chungu. Iko na komite tu."

"Nyinyi mko mbele sana," mwalimu akamjibu, na watu wakapiga makofi.

Ijumaa, kesho yake ikiwa harusi, tukakaa watano: Amissi, Zuena, Dominiko, Raissa na mimi.

"Mwenye masilahi atoke," akasema Amissi. Nikatoka.

"Ah, tuko wanne! Kura haiwezekani. Rudi, mzee." Nikarudi.

"Haya, tuko watano. Mwenye masilahi atoke."

Mara saba! Zuena akanionea huruma. "Asimame mlangoni. Mguu moja ndani, moja inje."

Wakabishana hadi jioni ni mguu upi unaopiga kura. Wakubwa wetu wakishika kitu cha maskini, huwa hivyo: hawakatai, wanaitisha mkutano. Mwishowe Dominiko akafunua kitabu cha mafunzo. "Kitu hakitoki. Lakini hakuna mahali wamekataza wageni kuingia."

Basi Jumamosi harusi nzima ikaingia makumbusho, pamoja na ngoma. Zawadi zikawekwa ndani ya kikapu palepale kwenye rafu. Wakwe wakaja, wakazitoa moja moja, wakazitia kwenye beseni la plastiki. Emiliana akashika kifuniko cha kikapu, akalia, Raissa akamwambia asiguse. Kila mtu alisaini kitabu cha wageni. Mwaka mzima walikuwa wameingia watu wanne. Siku ile, mia na kumi.

Gitega wamefurahi mno. Wameandika barua: Mzee Fabiano aje awafundishe wengine utawala bora.

Nimejibu nitakwenda, ila na kikapu changu mkononi, niwaonyeshe.

Komite imekaa leo kuamua. Haya ninayaandika nikiwa nje.